Mzee apimwe kwanza, mashine ya oksijeni baadaye

Ukipita siku hizi kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo, au ukifungua tu hali za WhatsApp za wauzaji, utazikuta mashine za oksijeni za nyumbani zinatangazwa kama majokofu: za kununua, za kukodi kwa siku, za kukodi kwa mwezi, na mtu anakuletea mpaka mlangoni, uwe Tabata, Mbezi au Kigamboni. Wakati wa UVIKO-19 familia zilizunguka mji usiku kutafuta mtungi mmoja, kwa hiyo ni rahisi kuiona hali ya leo kuwa ukombozi. Mtoto aliye Mwanza au ughaibuni anatuma fedha, mashine inafika, mama anavalishwa mpira puani, na nyumba nzima inashusha pumzi. Naielewa nafuu hiyo, na wanaofanya hivyo wanafanya kwa mapenzi. Lakini tumelisoma tatizo vibaya. Tumeamini kwamba wazee wetu wenye shida ya kupumua walikosa mashine, kumbe wengi wao walikosa kipimo. Oksijeni ni dawa, ina dozi, ina mgonjwa inayemfaa na asiyemfaa. Kuna mzee itakayemwongezea miaka, kuna ambaye haitamsaidia chochote, na kuna ambaye ikizidi itamlaza usingizi mzito ambao familia itaudhani ni wa kupumzika.

Kwamba ni dawa si maneno ya mafumbo. Shirika la Afya Duniani limeiweka oksijeni kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2017 liliandika wazi kuwa ni tiba ya upungufu wa oksijeni kwenye damu, wala si ya kutumika kwenye chumba cha upasuaji tu. Angalia maneno hayo: upungufu wa oksijeni kwenye damu. Hayasemi kuhema wala kubanwa kifua. Ushahidi kwamba oksijeni ya nyumbani huongeza maisha unatoka kwenye tafiti mbili za zamani, na zote mbili ziliwachukua watu ambao damu yao ilikwishapimwa ikaonekana imepungukiwa sana. Ya Marekani na Canada, iliyochapishwa 1980, ilikuwa na wagonjwa 203 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: waliotumia oksijeni usiku tu, kama saa 12, walifariki karibu mara mbili ya waliotumia takriban saa 18 kwa siku. Ya Uingereza, ya 1981, iliwafuatilia wagonjwa 87 kwa miaka 5. Kati ya 45 ambao hawakupewa oksijeni walifariki 30, na kati ya 42 waliopewa kwa angalau saa 15 kila siku walifariki 19. Kwa ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa, hayo ni matokeo makubwa sana.

Madaktari wakatoa hapo kigezo kinachotumika mpaka leo. Mzee anafaa kutumia oksijeni ya muda mrefu nyumbani ikiwa, akiwa ametulia na hana homa wala nimonia mpya, kiwango cha oksijeni kwenye damu ni asilimia 88 au chini, au shinikizo lake kwenye damu ya ateri ni milimita 55 za zebaki au chini. Kikiwa juu kidogo ya hapo, anaweza kufaa kama miguu imevimba kwa sababu ya moyo wa kulia kuchoka, au damu imekuwa nzito kupita kiasi. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa sababu mtu aliyetoka kuugua huwa chini leo na mwezi ujao akapanda mwenyewe. Wenye upungufu wa wastani nao walifanyiwa utafiti mkubwa Marekani, wagonjwa 738, matokeo yakatoka 2016: oksijeni haikuwaongezea maisha, haikuwapunguzia kulazwa, wala haikuwafanya wajisikie vizuri zaidi. Wazee wa aina hii nao leo wanakodishiwa mashine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hoja ninayoisikia sana: "Hata kama haimponyi, si inampa nafuu?" Hoja hii inastahili jibu la heshima, maana kumtazama mzazi akihema ni adhabu. Lakini imepimwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza, waliokuwa na ugonjwa mkubwa na kuhema kusikoisha, ila damu yao haikuwa na upungufu mkubwa. Nusu walipewa oksijeni kwa mpira wa puani, nusu wakapewa hewa ya kawaida kwa mpira uleule, bila wao kujua nani amepata nini. Nafuu ilikuwepo kwa pande zote mbili, na ilikuwa sawa. Kinachotuliza, kwa sehemu kubwa, ni hewa inayopita usoni na puani. Feni ndogo ya mkononi, ikishikwa kama sentimita 15 kutoka usoni na kuelekezwa kwenye mashavu na pua, inamsaidia mzee wa aina hii kwa bei ya nauli.

Tena kuhema kwa wazee wa Dar es Salaam kuna vyanzo vingi. Bibi aliyepika kwa kuni na mkaa miaka 40 ndani ya jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji wa sigara bila kuwahi kuigusa. Babu aliyetibiwa kifua kikuu akapona bado anabaki na makovu. Mwingine ana moyo ulioshindwa kusukuma, na maji yamejaa kwenye mapafu; huyu anahitaji dawa za moyo na za kupunguza maji, na mtungi peke yake unamchelewesha. Mwingine ana upungufu wa damu: kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kitasoma asilimia 98 huku anahema akitoka chumbani kwenda msalani, kwa sababu chembe nyekundu za damu zilizopo zimebeba oksijeni ya kutosha, ila chembe zenyewe ni chache. Na mwenye pumu ambaye hajui kuvuta dawa yake atabaki hivyohivyo hata ukimwekea mashine mbili. Ukiona mzee anapuliza dawa ya kuvuta moja kwa moja mdomoni na moshi mweupe unamtoka, dawa haikufika. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linalokaza mdomo wa kopo la dawa, inamtatulia: anabonyeza mara moja, anapumua taratibu ndani ya chupa mara tano au sita, ndipo anabonyeza tena. Inasikitisha kuona familia inalipa kodi ya mashine kila mwezi huku chupa hiyo haijawahi kutengenezwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoua, ni ile ya kwamba oksijeni haina madhara, kwa hiyo akizidiwa ongeza. Mwili wa mwenye mapafu yaliyoharibika kwa miaka mingi umejipanga: damu inazikwepa sehemu zisizopata hewa na kuelekea zile zenye uhai. Ukimmiminia oksijeni nyingi unaivuruga mipango hiyo. Damu inarudi kupita kwenye sehemu zilizokufa, hewa ya ukaa haitoki, inajazana. Kipimo cha kidoleni kinapanda mpaka 98 na kila mtu anashangilia, wakati kitu kinachomdhuru hakionekani kabisa kwenye kifaa hicho. Ndiyo maana kwa wagonjwa hawa lengo ni asilimia 88 hadi 92, basi. Huko Tasmania, Australia, wagonjwa 405 walifuatiliwa tangu ndani ya gari la wagonjwa; matokeo yalichapishwa 2010. Katika waliothibitika kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, waliopewa oksijeni kwa kipimo cha 88 hadi 92 walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 78 wakilinganishwa na waliofunguliwa oksijeni nyingi. Dawa ileile, ugonjwa uleule, na tofauti ni kile kitufe cha kuongeza lita za oksijeni kwa dakika.

Dalili za hewa ya ukaa kujazana zinaanza kimyakimya: kichwa kuuma asubuhi, usingizi wa mchana usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mikono kuwa ya moto na kutetemeka akiinyoosha. Mjukuu anayeamkia kila siku ana kipimo kizuri mdomoni mwake. "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Bibi ambaye jana alijibu haraka na kuuliza chai iko wapi, leo akichelewa kuitikia, au akaitikia akasinzia katikati ya sentensi, asiongezewe lita. Lita zirudi pale daktari alipoandika, mashine isizimwe ghafla, na safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo.

Upande wa pili wako wanaoikimbia oksijeni: "Akishawekewa mashine ndiyo basi tena", au "mapafu yatazoea yawe mavivu". Woga huu una mizizi kwenye yale tuliyoyaona 2020 na 2021, watu walipofikishwa hospitali wakiwa dakika za mwisho na oksijeni ikawa kitu cha mwisho walichoonekana nacho. Mapafu hayalewi oksijeni. Anayeihitaji kwa saa 15 anaihitaji kwa sababu ya ugonjwa, na akiiacha ni moyo wake unaobeba mzigo.

Hoja ninayoikubali ni ile ya nyumbani. Foleni za hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zinajulikana, wazee wanachoka, na mtu anataka kulala kitandani kwake akisikia adhana au kengele aliyoizoea. Aliyepimwa akafaa hana sababu ya kulazwa kwa ajili ya lita 2 za oksijeni. Ila nyumba hiyo lazima ijue imeleta nini. Mashine haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo asilimia 21 ni oksijeni na 78 ni naitrojeni, inaikandamiza kupita kwenye punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Mashine nzuri inatoa kiwango hicho kwa lita zote ilizoandikiwa, na ina taa au kengele ya kuonya kiwango kikishuka. Chini ya asilimia 82 haitakiwi kutumika. Sasa ipo aina ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, inayouzwa kama ya "lita 1 hadi 7". Fungua kijitabu chake, tafuta jedwali lenye maandishi madogo: kwa lita 1 inatoa asilimia 93, na kadiri unavyopandisha inashuka, mpaka kwenye lita 7 inatoa karibu asilimia 30. Kidude ni kimoja, uwezo wake ni lita moja, kinachoongezeka ni upepo tu. Mzee aliyeandikiwa lita 3 akiwekwa kwenye mashine hiyo anaweza kubaki na upungufu huku wote mkiamini anatibiwa. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: kwenye lita 5 inatoa asilimia ngapi, na imeandikwa wapi?

Halafu kuna umeme. Mashine ya lita 5 hula kama wati 350. Kwa saa 15 ni uniti 5.25 kwa siku, karibu uniti 158 kwa mwezi, na kwa bei ya kawaida ya nyumbani inayozunguka Sh 350 kwa uniti ukijumlisha kodi, ni zaidi ya Sh 55,000 za LUKU kwa mashine peke yake. Nyumba iliyo kwenye daraja la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi itatolewa humo, hivyo taa na pasi navyo vitapanda bei. Ndiyo maana utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024 ni habari njema kwetu: wagonjwa 241, nusu yao wakitumia oksijeni saa 24 kwa siku na wengine saa 15, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya vifo wala kulazwa. Saa za usingizi zikihesabiwa ndani ya hizo 15, mzee ana mchana wa kukaa barazani bila mpira. Umeme mdogo wa saa moja jioni, kila nyumba inapowasha kila kitu, unaifanya kompresa ishindwe kuanza na mashine ianze kulia, kwa hiyo stabilaiza si anasa. Betri yenye inveta wengi wanaitegemea kuliko inavyoweza: betri ya volti 12 yenye Ah 200 ina kama uniti 2.4, na ukiitumia nusu ili isife mapema, inaibeba mashine hiyo kama saa tatu.

Akiba ya kweli ya umeme ukikatika ni mtungi, na hesabu yake ni nyepesi: ujazo wa mtungi zidisha kwa shinikizo linalosomwa kwenye geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 137 una lita 1,370 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika unadumu muda wa saa 11 na kitu. Hesabu tisa, ili usiishiwe njiani. Ufungwe kwa mnyororo ukutani, maana ukianguka ukavunjika shingo unaruka kama kombora. Regulata isipakwe mafuta wala grisi hata ikikaza, kwa sababu mafuta na oksijeni ya shinikizo hulipuka bila kiberiti. Na usijazwe kwenye gereji ya kuchomelea. Gesi ya viwandani inaweza kuwa safi, lakini mitungi yake haifuatiliwi imewahi kubeba nini wala ndani kuna unyevu na kutu kiasi gani.

Moto ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote kwenye nyumba zetu. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inakaa kwenye shuka, kanga na nywele, na cheche ndogo inavishika vyote kwa sekunde. Watu wanakumbuka sigara, wanasahau jiko la mkaa linaloingizwa ndani mvua ikinyesha, chetezo cha udi chenye kaa la moto chini ya kitanda, na dawa ya mbu ya kuwasha. Vyote vikae mita 3 au zaidi, na ni bora viwe chumba kingine kabisa, kwani hata moshi wenyewe ni adui wa mapafu hayo. Pua ikikauka, isipakwe mafuta ya mgando; itafutwe jeli iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na mafuta, kutoka duka la dawa. Mashine ikae kama sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye pazia. Chujio la sponji lioshwe kwa sabuni kila wiki na likauke kabisa kivulini kabla ya kurudishwa, kwani unyevu, ambao Dar haiukosi, unaziharibu punje za zeolaiti. Chupa ya unyevunyevu, ile ambayo oksijeni hupita ndani ya maji yake, iwekwe maji yaliyochemshwa yakapoa, na yabadilishwe kila siku. Kwa lita chini ya 4 wazee wengi hawaihitaji kabisa, na chupa chafu inaleta nimonia.

Kifaa cha kidoleni nacho kinataka uangalifu. Mzee akae dakika kumi ametulia, kidole kiwe cha joto, kisitikiswe, na namba isubiriwe itulie kwa dakika nzima. Piko jeusi kwenye kucha linaweza kuizuia taa kupita, kwa hiyo tumia kidole kisichopakwa. Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: kwa ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kwamba, kifaa kiliposoma kati ya asilimia 92 na 96, karibu wagonjwa weusi 12 katika kila 100 damu yao ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa karibu 4. Hii haimaanishi kila mtu aongezewe oksijeni. Inamaanisha mzee aliyesoma 91 akiwa na miguu iliyovimba asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa yuko sawa. Apelekwe hospitali ya rufaa akapimwe gesi kwenye damu ya ateri, na hapohapo hewa ya ukaa itaonekana.

Tukilitazama hivi, na mjadala wa sera unabadilika. Sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa UVIKO-19, uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, ilijenga mitambo ya oksijeni hospitalini, na hilo lilikuwa jambo jema. Pengo limebaki kati ya geti la hospitali na kitanda cha nyumbani. Mzee anaruhusiwa, karatasi inasema "aendelee na oksijeni", na hapo familia inaachwa na muuzaji. Hakuna daktari anayeandika "aendelee na vidonge" akanyamaza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatupa nafasi ya kulirekebisha. Bima ikinunua mashine tu, tutajaza vyumba mashine zisizofaa mtu. Ikilipia kwanza kipimo cha kupuliza kinachoonyesha uwezo wa mapafu, gesi za damu na kurudi kliniki baada ya miezi miwili au mitatu, kisha ndiyo ilipie mashine na sehemu ya umeme kwa wale wachache waliofaa, fedha ileile itafika mbali. Mkodishaji naye atakiwe kuona cheti kabla ya kukabidhi, na kuja na kifaa cha kupima asilimia inayotoka kwenye mashine yake, kila baada ya miezi michache, mbele ya mwenye nyumba. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaweza kuanzia na zile za "lita 1 hadi 7", kwa kutaka asilimia ya kila lita iandikwe kwa Kiswahili juu ya mashine, mahali mnunuzi anapoona kabla hajatoa fedha.

Na wakati hayo yanasubiriwa, mwenye mgonjwa anaweza kumwomba daktari kesho asubuhi aandike mistari minne kwenye karatasi ya kuruhusiwa: lita ngapi kwa dakika, saa ngapi kwa siku, asilimia isizidi ngapi na isishuke chini ya ngapi, na tarehe ya kurudi kupimwa tena. Karatasi hiyo ibandikwe ubavuni mwa mashine kwa gundi ya plasta, chini ya kitufe cha lita, ili hata mgeni aliyekuja kumjulia hali mzee, akitaka kumwongezea kidogo kwa huruma, aisome kwanza.